Mkimtwika: 1 Petro 5 niliyoisoma kando ya kitanda cha binti yangu

Mzee wa Walukuba

Ndugu zangu, hodi. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Naandika kutoka Jinja, Uganda. Wengine mnanijua kwa mambo ya ibada ya Kiswahili, wale watoto wa kambini ambao baba zetu walikuwa askari na tukakulia katika lugha hii. Leo sina hoja ya kubishania. Nina mistari miwili ya Maandiko iliyoniumiza kwanza, kisha ikaniinua, na nataka kuisoma pamoja nanyi polepole.

Binti yetu wa pili ana miaka 11. Ana selimundu, sikoseli kama tunavyosema mtaani. Wasioujua ugonjwa huu nawaeleza kwa ufupi: chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na mahali damu isipofika panauma kupita maelezo. Wiki iliyopita Jumanne usiku alishikwa magoti na mgongo. Maji ya kunywa, blanketi, dawa za maumivu za nyumbani, hakuna kilichosaidia. Saa nane usiku nilimfunga mgongoni kwa mama yake, tukapanda boda boda wote watatu, tukaenda hospitali.

Siku ya tatu alipita wodini mtu wa kuombea wagonjwa. Jina lake na kanisa lake naviacha. Alisimama miguuni pa kitanda, akauliza ugonjwa, akatikisa kichwa. Akasema katika nyumba hii kuna jambo halijaungamwa. Akafungua Biblia, akasoma 1 Petro 5:6: "Basi nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu ulio hodari, ili awakweze kwa wakati wake." Akasema mkono wa Mungu uko juu ya nyumba yetu, na mimi kama baba nijishushe, niungame, nitoe mbegu ya imani. Alitaja na kiasi.

Nilinyamaza. Nililelewa kumheshimu mtu aliyeshika Biblia. Alipoondoka binti yangu alinitazama, midomo imekauka, akaniuliza: "Baba, ulifanya nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niifungue Biblia mwenyewe usiku ule, kwa mwanga wa simu.

---

Jambo la kwanza nililoliona: alisoma mstari wa 6 akafunga kitabu. Lakini sentensi haikuishia pale. Mstari wa 7 unaendelea: "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu."

Tazameni neno hilo, *huku mkimtwika*. Petro haleti amri ya pili. Hasemi nyenyekeeni, halafu mkimaliza, mtwikeni. Anaeleza unyenyekevu wenyewe unavyofanyika. Mnanyenyekea *huku* mkitwika. Nimesoma mistari hii tangu nikiwa kijana na sikuwahi kuiona hiyo "huku".

Na kutwika tunakujua sote. Jerikeni la lita ishirini likijaa kisimani hujitwiki mwenyewe. Unalitazama, unainama, unajaribu, linakumwagikia. Unasubiri mtu apite umwambie, "Naomba unitwike." Kuna wanaoona haya kuomba, wanalikokota mpaka njiani linapasuka. Sasa mtu aliye chini ya mzigo akisema "siwezi, chukua," huyo ndiye Petro anayemwita mnyenyekevu. Mimi miaka kumi na moja nilidhani unyenyekevu ni kubeba kimya na kutolalamika. Kumbe nilikuwa nalikokota jerikeni.

Jambo la pili ni huo mkono hodari. Yule bwana aliufanya kuwa mkono wa kipigo. Lakini Israeli wakisema "mkono wa nguvu" wanakumbuka nini? Kumbukumbu la Torati 26:8, Bwana aliwatoa Misri kwa mkono wa nguvu na mkono ulionyoka. Ni mkono uliowatoa watumwa matofalini. Petro alikuwa Myahudi. Hakuokota maneno hayo njiani. Kuwa chini ya mkono huo ni kuwa mahali Farao asipoweza kukufikia.

Jambo la tatu limenichoma zaidi. Rudini nyuma mistari michache tu. Sura ya 5 inaanza na wazee, wachungaji wa kundi. Wanaambiwa wachunge "si kwa kutaka fedha ya aibu", wala si "kama wajifanyao mabwana juu ya mitaa yao". Kisha mstari wa 5: "ninyi nyote jifungeni unyenyekevu, mpate kuhudumiana". Nyote. *Jifungeni*, kama mama anavyojifunga leso kiunoni kabla ya kuingia jikoni. Kabla neno nyenyekeeni halijamfikia mwenye mateso, limeshapita kwa yule aliyesimama miguuni pa kitanda.

Hilo ndilo lililonileta hapa. Tunamhubiria unyenyekevu mtu aliyelala. Maandiko yanaanza na aliyesimama.

---

Kijana wa Gulu

Mzee, pole sana na ugonjwa wa mtoto. Nakuheshimu, lakini nina wasiwasi. Ukiwaambia watu hivi hutapunguza imani yao? Yakobo 5:15 inasema kule kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa. Imesema *kutamwokoa*. Sasa mgonjwa asipopona, si lazima tuulize imani iko wapi?

Mzee wa Walukuba

Mwanangu, asante kwa kuuliza wazi. Nami niliuliza hivyo hivyo kwa miaka mingi.

Rudi mstari mmoja, Yakobo 5:14. "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa. Nao wamwombee, na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana." Hesabu kazi za kila mtu. Mgonjwa anafanya nini? Anaita tu. Wanaoomba ni wazee. Basi kule "kuomba kwa imani" ni kuomba kwa nani? Kama kuna imani ya kupimwa pale, ni ya wazee. Lakini sijawahi kumwona mwombaji akitoka wodini akasema, "Mtoto hajapona kwa sababu imani yangu mimi ni ndogo." Siku zote upungufu unakutwa kitandani.

Kisha mtazame Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa nao wakapona, Matendo 19. Huyo huyo anaandika, 2 Timotheo 4:20, kwamba Trofimo alimwacha Mileto, hawezi. Hakumkemea. Timotheo mwenyewe alikuwa na tumbo lisilopoa na "magonjwa yakupatayo mara kwa mara", na Paulo akamshauri atumie mvinyo kidogo. Na mwiba wa mwilini aliokuwa nao Paulo mwenyewe aliuombea mara tatu, akajibiwa: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Sasa twende tukamwambie Paulo imani yake ilikuwa fupi?

Tunamwombea binti yangu apone. Kila asubuhi tunaomba. Na saa mbili anameza dawa zake za selimundu, haidroksiyurea na foliki asidi, naye Mungu sijaona akikasirika.

Mama wa Busia

Huyo aliyesema kuna dhambi haijaungamwa hajasoma Yohana 9? Naona mambo haya huku mpakani kila siku, na yananikasirisha.

Mzee wa Walukuba

Mama, usiku ule nilifika hapo hapo Yohana 9. Wanafunzi wanapita, wanamwona kipofu tangu kuzaliwa, wanauliza: "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake?" Ni swali la binti yangu, ila wao waliuliza juu ya mtu, mbele yake, kana kwamba kipofu ni kiziwi. Yesu akajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake."

Na kwa ugonjwa wetu huu nataka niseme zaidi, kwa sababu nimeona ndoa zikivunjika. Mtoto anapata selimundu akirithi jeni yake, yaani chembe ya urithi, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Mimi ninayo moja, mke wangu anayo moja. Mwenye moja haugui, hajui. Kila mimba ya watu kama sisi ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Mkubwa wetu hana kitu, wa tatu hana kitu. Uganda ilipimwa damu ya watoto wadogo karibu laki moja, matokeo yakatoka 2016: asilimia 13.3 wanabeba moja bila kuugua, asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Na kwa nini imeenea huku kwetu? Kwa sababu anayebeba moja anakingwa na malaria kali. Ile wanayoiita laana ya ukoo, hapa Busoga penye mbu, ndiyo iliyowavusha babu na nyanya zetu wakiwa watoto wakaishi, wakatuzaa.

Nilimweleza binti yangu hivyo asubuhi, kwa maneno mepesi. Alifikiri kidogo, akasema: "Kwa hiyo hukufanya kitu." Nikamwambia, nilikuzaa. Akageuka ukutani akalala.

Kijana wa Gulu

Nimekuelewa kuhusu Yakobo, sikuwahi kuona kwamba mgonjwa anaita tu. Lakini bado unyenyekevu unanitatiza. Ayubu alisema "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe." Huo ndio unyenyekevu ninaoujua. Na kwenye Biblia ya Kiingereza Ayubu 13:15 anasema hata Mungu akimuua, atamtumaini tu. Hakulalamika.

Mzee wa Walukuba

Hapo umenigusa penyewe. Fungua Biblia ya Kiswahili, ile ya Muungano ya 1952 tuliyonayo wengi, uone mstari huo huo. "Tazama, ataniua; sina tumaini; lakini hata hivyo nitaithibitisha njia yangu mbele yake."

*Sina tumaini!* Nilidhani nimesoma vibaya. Sababu yake iko katika Kiebrania. Kuna neno dogo pale ambalo, likiandikwa kwa namna moja, ni "si", na likiandikwa kwa namna nyingine ni "kwake", na yote mawili hutamkwa "lo". Maandishi yenyewe yana "si". Wasomi wa kale wa Kiyahudi waliweka pembeni kwamba lisomwe "kwake". Kiingereza cha zamani kilifuata pembeni, Kiswahili kikafuata kilichoandikwa.

Sitaki kuamua nani yuko sahihi, hilo ni la waliosomea. Ila nakuambia kama baba: usiku wa tatu kule wodini, "sina tumaini, lakini hata hivyo" lilikuwa ndilo neno pekee ningeweza kulisema bila kudanganya. Na angalia linaishia wapi. *Mbele yake.* Ayubu hajaondoka. Amebaki mbele za Mungu akiwa hana kitu mkononi, hata tumaini. Kama huo si unyenyekevu, mimi sijui unyenyekevu ni nini.

Na kwamba hakulalamika, mwanangu, soma kuanzia sura ya 3. Anailaani siku aliyozaliwa. Anataka kesi na Mungu. Marafiki zake ndio wanaotetea heshima ya Mungu kwa maneno mazuri, kila mmoja ana fundisho. Halafu mwishoni, 42:7, Bwana anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, "kwa kuwa ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu". Aliyepiga kelele amenena sawa. Waliofundisha wanaambiwa wapeleke ng'ombe saba na kondoo waume saba, na wakaombewe na yule yule waliyemshutumu. Hebu fikiria Elifazi anavyomwendea Ayubu siku ile, na mifugo nyuma yake.

Binti Bombo

Asalaam aleikum mzee. Mimi ni Mwislamu, Mnubi, niruhusu niketi nanyi kidogo. Nabii Ayubu tunaye pia. Katika Qurani, Sura ya Manabii, aya ya 83, dua yake ni fupi sana. Alimwita Mola wake akasema: "Mimi yamenigusa madhara. Na Wewe ndiye unaye rehemu zaidi kuliko wote wanao rehemu." Ustadhi wetu alitufundisha tuone kisichosemwa. Hakusema niponye. Alitaja hali yake, akamtaja Mola wake, akanyamaza. Aya inayofuata inasema Mwenyezi Mungu akamwitikia.

Mama yangu aliugua miaka minne. Dua hiyo ndiyo aliyokuwa nayo mdomoni. Nimesoma neno lako la kutwika nikamkumbuka.

Mzee wa Walukuba

Wa aleikum salaam, mwanangu, na Mungu amrehemu mama. Karibu mkekani. Nimeisoma dua hiyo mara tatu sasa. Kutaja hali na kumtaja Yeye, basi. Nitamfundisha binti yangu.

Mama wa Lira

Mzee, nimesoma kimya tangu jana. Nina la kusema na silisemi mara nyingi.

Mimi ni Mlango, yaani mtu wa kabila la Lango, na Kiswahili nilikijifunza kwa askari waliokuwa wanatulinda wakati wa vita. Mwaka 1996, tarehe 10 Oktoba, wasichana 139 walichukuliwa usiku kutoka shule ya Mtakatifu Maria, Aboke. Mimi sikuwa mwanafunzi pale, nilikuwa msichana wa kijiji cha jirani. Sista Rachele Fassera aliwafuata porini kwa miguu na mwalimu mmoja wa kiume, wakawaomba waasi wa Joseph Kony. Alirudi na wasichana 109. Wale 30 walibakizwa. Alipiga magoti, wakabakizwa.

Kanisani tukisoma 2 Wafalme 5 watu wanamfurahia Naamani, jemadari aliyejishusha akaoga Yordani mara saba akatakasika ukoma. Mimi macho yangu yanaenda kwa yule kijana mwanamke aliyetekwa kutoka nchi ya Israeli, akawa mtumishi wa mke wa Naamani. Yeye ndiye aliyesema kuna nabii Samaria. Imani ya kwanza katika habari ile yote ni yake, mtoto aliyetekwa, akimtakia mema aliyemteka. Lakini Biblia haimtaji jina. Haisemi alirudishwa kwao. Naamani anarudi na ngozi safi na udongo mzigo wa nyumbu wawili, na yule mtoto hatumsikii tena.

Nimesikia mhubiri akiwaambia wasichana waliorudi kutoka porini wawe kama yeye. Wawe wanyenyekevu, wasamehe haraka. Niliondoka ibadani. Alichokifanya mtoto yule alikitoa mwenyewe, hakuna aliyemdai. Ukimdai aliyeumizwa unyenyekevu, hiyo ni nira ya pili. Sista yule hakuwahubiria. Aliwafuata.

Mzee wa Walukuba

Mama wa Lira, nimeweka simu chini nikakaa. Sina la kuongeza. Nimesoma habari ya Naamani maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza kama mtoto yule alirudi nyumbani.

Kijana wa Gulu

Mama, nami ni wa huku kaskazini. Asante. Nilichosema juu ya kupima imani, nakirudisha.

Dada wa Nakivale

Nawasalimu wote kwa jina la Yesu. Mimi ni Mkongomani, niko kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Baba, ulisema Petro. Niliangalia mwanzo wa barua yake, 1:1, anaandikia watu gani? Wageni, wa hali ya utawanyiko, Ponto na Galatia na kwingine. Basi ni barua ya wakimbizi. Nimefurahi sana.

Ila nina shida ya leo, si ya kitabu. Jirani yangu amefiwa na mtoto jana jioni, malaria. Hana ndugu hapa, wamebaki ng'ambo. Kila mtu anayeingia anamwambia ni mpango wa Mungu, Mungu alimpenda zaidi, awe na imani. Yeye anaangalia ukuta tu. Mimi sijaingia bado. Nilikuwa natafuta mstari wa kumpelekea. Nimpelekee upi? Hilo la kutwika?

Mzee wa Walukuba

Dada yangu, usimpelekee hata mmoja leo. Hata hilo la kutwika, na mimi ndiye niliyelileta.

Kuna siku ambazo marafiki wa Ayubu walifanya vizuri. 2:13: "Basi wakaketi pamoja naye juu ya nchi siku saba, mchana na usiku, wala hakuna mmoja aliyenena naye neno lo lote, kwa maana waliona ya kuwa mashaka yake ni makuu mno." Siku saba. Walikosea walipofungua mdomo. Na Zaburi ya 88 unaijua? Inaanza kwa kilio na kuisha kwa giza, neno la mwisho kabisa ni "gizani". Hakuna aliyeiongezea mstari wa faraja, wakaiacha hivyo hivyo ndani ya kitabu cha nyimbo za hekalu.

Kuna mama mmoja, mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa mjukuu wake. Alfajiri ile baada ya yule mtu kupita, alikuja na chupa ya maji ya moto na kitambaa, akaanza kumkanda binti yangu magoti. Hakuuliza jina. Mke wangu akapata kulala saa mbili, za kwanza tangu Jumanne.

Nenda ukae chini. Angalia kama ana maji, kama ana kuni. Akitaka kusema, atasema.

Mama wa Busia

Dada, na uende na majani ya chai na sukari. Atakuwa hajala.

Dada wa Nakivale

Nimerudi sasa hivi, ni usiku. Nilikaa naye tangu saa sita mchana. Nilichota maji jerikeni mbili, nikawasha moto, nikapika uji. Sikusema kitu, ilikuwa ngumu, mimi ni mtu wa kuongea. Watu walikuja wakasema yao wakaondoka. Yeye kimya.

Saa kumi jioni hivi aliinua kikombe, akanywa kidogo. Akaniambia jina la mtoto. Kisha akaniambia alivyozaliwa njiani, siku ya pili baada ya kuvuka mpaka, na mvua ilikuwa inanyesha. Akaeleza mpaka giza likaingia.

Kesho saa tatu tunazika. Ameniomba nimshike mkono.